Asilimia mbili ya rangi: kisa cha ubao mmoja wa pinboli wa mwaka 1977

Mwaka 1977 kampuni ya Bally ya Chicago ilitoa pinboli (mashine ya mchezo ambamo mpira wa chuma unarushwa juu ya ubao ulioinama) iitwayo Eight Ball, iliyojengwa juu ya mchezo wa pool. Zilitengenezwa mashine 20,230, rekodi iliyodumu mpaka miaka ya 1990. Kwa wingi huo mbao zake bado zinapatikana, ila nyingi zilichezewa baa miaka mingi bila mtu kuzifuta vumbi. Ubao unaochambuliwa hapa ni mmoja wa hizo. Kwa mbali ulionekana una tatizo la rangi. Ulipokaguliwa kwa karibu, rangi ikawa kazi ya mwisho na ndogo kuliko zote.

Hali yake

Ubao ni plaiwudi yenye uso wa maple, unene kama mm 13, upana sm 51 na urefu sm 107. Kiwandani rangi zilichapwa kwa skrini, kila rangi na skrini yake, nyeusi ya mistari na herufi ikija mwisho, kisha juu ikapigwa laka. Laka hiyo ndiyo ngao pekee kati ya rangi na mpira wa chuma wa mm 27 wenye uzito wa gramu 80. Miaka ikipita inageuka njano na kupasuka, na uchafu mweusi unaingia kwenye nyufa: unga wa pistoni za koili, raba iliyosagika, nta ya zamani. Uchafu huo ni msasa. Kuanzia hapo kila mpira unaopita unakwangua kidogo.

Karatasi angavu ya plastiki yenye miraba ya sm 5 ilitandazwa juu ya ubao, na kila doa likachorwa juu yake kwa kalamu. Jumla ya sehemu zilizokwisha rangi ilikuwa kama sm 110 za mraba, yaani asilimia mbili ya ubao wote. Madoa yalikaa pale yanapokaa siku zote: mbele ya manati mbili (raba zinazourusha mpira ukizigusa) zilizo juu ya flipa (vibao ambavyo mchezaji hupigia mpira), mdomoni mwa njia ya pembeni ya kushoto, na pete kuzunguka vidirisha vya taa. Mbele ya manati ya kushoto mbao ilikuwa wazi na imeshageuka kijivu.

Vidirisha ni vile vipande vya plastiki vilivyopachikwa kwenye matundu ya ubao ili balbu zing'ae kutoka chini, na kwenye mashine hii vimechapwa namba za mipira ya pool. Rula ya chuma ililazwa juu ya kila kimoja na mwanya ukapimwa kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mianya vya mafundi wa injini. Tisa vilikuwa vimezama mm 0.2 hadi 0.5. Viwili vilikuwa vimeinuka upande mmoja. Vinne vilicheza vikisukumwa kwa kidole kutoka chini.

Hapo ndipo kisa chenyewe kilipo. Balbu namba 44 inakula ampea 0.25 kwenye volti 6.3, wati 1.6 hivi, na imekaa karibu kabisa na plastiki. Kwa miaka ya kuwaka, gundi inakauka na plastiki inajikunja: kingo zinabaki, katikati inazama. Mbao nayo inavuta unyevu na kuuachia, inapanuka na kusinyaa, wakati plastiki iliyomo ndani yake haiendi nayo sambamba. Rangi iliyochapwa ikivuka kutoka mbao kwenda plastiki inakatika pale pale mpakani. Zile pete zilizokwisha rangi hazikuliwa na mpira peke yake. Zilianza kama ufa wa mpaka, kisha mpira ukapiga ukingo uliobaki wazi. Ukipaka rangi kwenye pete bila kushughulikia kidirisha, pete inarudi.

Njia zilizokuwepo

Kuna wanaonunua ubao mpya uliochapwa upya, na kuna wanaosaga wa zamani mpaka mbao kisha kubandika juu yake karatasi ngumu ya plastiki yenye picha nzima. Njia hizo zina mahali pake, hasa ubao ukiwa umeliwa robo au nusu. Hapa asilimia 98 ya rangi ya 1977 ilikuwa bado ipo, hivyo kusaga kungekuwa uharibifu wenye risiti. Uamuzi ulikuwa kusafisha, kunyoosha vidirisha, kufunga rangi ya zamani chini ya klia ya magari (vanishi angavu) yenye hadna (kigumishi chake), kupaka rangi panapokosekana tu, kisha klia tena. Mpangilio huo ndio unaookoa kazi, na anayeubadilisha hulipa baadaye.

Kufungua na kusafisha

Picha zilipigwa kwanza, juu na chini, kila eneo mara mbili. Vitu vyote vya juu viling'olewa: reli, raba, nguzo, bampa (vifaa vya mviringo vinavyourudisha mpira kwa nguvu), manati, plastiki za mapambo. Skrubu zilitiwa kwenye vifuko vilivyoandikwa mahali zilipotoka, maana urefu unatofautiana na skrubu ndefu mahali pa fupi inatokeza upande wa pili. Kwa chini, koili na swichi ziliachwa zilipo na kufungwa nailoni. Soketi za taa tu ndizo zilizofunguliwa na kushushwa, ili vidirisha vifikike.

Vumbi kavu lilivutwa kwa mashine, kisha ubao ukafutwa kwa nafta, kiyeyushi chepesi cha mafuta, na kitambaa cha pamba. Maji hayakuguswa. Maji yakiingia kwenye nyufa za laka yanavimbisha nyuzi za mbao, na rangi inanyanyuka kwa mistari mirefu inayofuata nyuzi. Mistari hiyo ikishatokea hakuna dawa ya kuirudisha chini.

Uchafu uliobaki ulitolewa kwa sponji ya melamini na spiriti ya isopropili ya asilimia 99, eneo la kiganja kimoja kwa wakati, sekunde kumi za kuzungusha bila kukandamiza, kisha kufuta mara moja. Sponji hiyo inaonekana laini lakini ni msasa mwembamba sana, na pamoja na spiriti inaondoa laka yenyewe. Kitambaa kikionyesha rangi ya njano iliyokolea kama chai, hiyo ni laka na uchafu, endelea. Kikionyesha rangi ya picha, acha. Kosa la kwanza la kazi hii lilitokea hapa: kidirisha kimoja kilisuguliwa kwa muda ule ule uliotumika kwenye mbao, na nusu ya namba ikaondoka. Wino hushika mbao kwa kuingia kwenye nyuzi. Kwenye plastiki umekaa juu tu. Vidirisha vyenye namba vinafutwa kwa nafta peke yake, na doa lisilotoka kwa nafta linabaki.

Mbele ya flipa kulikuwa na kipande cha mylar, plastiki ya kujibandika ambayo mtu aliiweka zamani juu ya rangi iliyokwisha kuanza kunyanyuka. Kuivuta tu ni kuondoka na rangi. Iligandishwa kwa kopo la hewa ya kusafishia kompyuta lililopinduliwa, ambalo likiwa hivyo linatoa kimiminika baridi sana. Gundi inakuwa kama kioo na mylar inatoka kwa vishindo vidogo. Panapogoma pasilazimishwe, pagandishwe tena. Gundi iliyobaki ilitolewa kwa njia ambayo mgeni huidhani mzaha: unga wa ngano. Spiriti kidogo inamwagwa juu ya gundi, unga unanyunyizwa, kisha unasuguliwa kwa vidole kwa mduara. Unga unaizoa gundi na kuwa punje za kijivu kama tambi zilizokatikakatika, zinazofagiliwa kwa mkono. Haukwangui rangi. Eneo la kitabu kilichofunguliwa lilimaliza vijiko vinne vya unga na dakika arobaini.

Njia ya kurushia mpira, ambayo haina rangi, ilikuwa nyeusi. Ilisagwa kwa msasa wa 220 uliozungushiwa kijiti cha mviringo kinacholingana na mfereji wake, kisha 320.

Vidirisha

Vile vinne vilivyolegea vilitolewa kabisa. Kabla ya kusukuma, ncha ya kisu cha namba 11 ilipitishwa kuzunguka mpaka wa mbao na plastiki, ikikata rangi tu. Ukisukuma bila kukata, kidirisha kinatoka na kipande cha picha ya mbao jirani. Hewa ya moto ya kukaushia nywele ilipulizwa kutoka chini kwa dakika mbili, kisha kikasukumwa kwa kipande cha mbao chenye kipenyo kidogo kuliko chenyewe. Mashine ya hewa moto ya kukwangulia rangi isitumike bila uangalifu. Plastiki hizi zinalainika mapema na kidirisha kilichopinda kwa joto hakinyooki.

Gundi ya zamani ilikwanguliwa ukutani mwa tundu na pembeni mwa plastiki. Kidirisha kilirudishwa kwa gundi ya epoksi inayokauka taratibu, iliyopakwa kwenye ukuta wa tundu, siyo kwenye plastiki, ili ziada isukumwe chini badala ya kupanda usoni. Usawa ulipatikana hivi: kipande cha kioo kinene kilifunikwa kwa karatasi iliyotiwa nta, kikabanwa kwa klampu juu ya tundu, na kidirisha kikasukumwa kutoka chini mpaka kikagusa kioo. Kikaachwa saa 24. Picha iliyo juu yake ilipangwa na jirani zake kwa macho kabla ya klampu ya mwisho, kwa sababu kidirisha cha mviringo kinazunguka bila kukuuliza, na namba iliyoinama digrii tano inaonekana toka mlangoni.

Vilivyozama lakini vilivyoshika viliachwa. Gundi nyepesi ya supagluu ilidondoshwa kutoka chini, matone matatu kuzunguka kila kimoja, ikajivuta yenyewe kwenye mwanya. Kuzama kwao kungejazwa kutoka juu.

Swali linaloulizwa mara nyingi ni kwa nini usijaze kwa kupulizia klia mpaka paende sawa. Hesabu inakataa. Mkono mmoja wa klia, yaani tabaka moja la kupuliziwa, ukikauka unaacha unene wa kama mm 0.025 hadi 0.03. Shimo la mm 0.4 lingetaka mikono zaidi ya kumi na tatu, na ubao wote ungepanda kwa kiasi hicho hicho, yaani shimo lingebaki palepale mpaka ulisage. Ukimimina nene kwa mara moja nako, tina (kiyeyushi cha kulainishia klia) inanaswa ndani, inatoka polepole, na baada ya wiki shimo limerudi pamoja na vipovu. Hapa ubao ulisawazishwa kwa pima maji, na klia iliyochanganywa ikadondoshwa kwenye vidirisha tu kwa kidondoshi, tabaka jembamba moja kwa siku. Vya mm 0.2 vilichukua siku mbili. Cha mm 0.5 kilichukua siku tano.

Mkono wa kufunga

Kwa mafundi wa spree wa gereji zetu sehemu hii haina mageni: bidhaa ni zile zile za bodi ya gari. Ubao ulisuguliwa kwa msasa laini wa 800, mkavu, kiasi cha kuondoa mng'ao tu. Kila tundu la skrubu lilipanuliwa mdomo kidogo kwa ncha ya drili iliyozungushwa kwa mkono. Tundu lenye ukingo mkali likiingizwa skrubu juu ya klia, skrubu inanyanyua klia na kuipasua kama nyota. Matundu yaliyolegea yalijazwa vijiti vya kiberiti na gundi ya mbao. Nafasi za swichi zilizibwa kwa tepu kutoka chini.

Kwa mikono miwili ya ubao wa ukubwa huu, mililita 120 zinatosha: klia 80 na hadna 40 kwa bidhaa ya mbili kwa moja, pamoja na tina kidogo kadiri kopo linavyoelekeza. Bunduki ilikuwa na mdomo wa mm 1.3, hewa ya baa 2, umbali wa sm 15 hadi 20, dakika kumi na tano kati ya mkono na mkono. Hadna ina kemikali iitwayo isosiyaneti. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke wake. Inatakiwa barakoa ya kuletewa hewa safi, au angalau yenye vichujio vipya vya mvuke, pamoja na glavu na miwani. Mazoea ya kupiga spree kwa kitambaa mdomoni yameua mapafu ya watu, kwani pumu ya isosiyaneti ikishaanza, harufu kidogo tu inatosha kuirudisha. Na kwa aliyeko Mombasa, Tanga au Unguja: kopo la hadna lifungwe mara tu linapotumika, maana inakula unyevu wa hewani na kuganda.

Kosa la pili lilijitokeza dakika moja baada ya mkono wa kwanza. Kwenye robo ya juu klia ilijikusanya ikaacha vishimo vya duara, vinavyoitwa macho ya samaki. Chanzo ni silikoni, na silikoni ilitoka kwenye nta ya samani iliyopakwa ubaoni miaka ya nyuma na kuingia kwenye nyufa ndefu za laka. Nafta haiitoi yote. Eneo hilo lilifutwa likiwa bichi, likaachwa siku mbili, likasafishwa mara tatu kwa dawa ya kuondoa nta na silikoni, kila mara kwa kitambaa kipya kwa sababu kitambaa cha zamani kinairudisha. Kisha klia ilipulizwa kwa ukungu mwepesi mno, ikaachwa ishike, ndipo mkono kamili ukafuata. Rangi ya 1977 isingekuwa bado na sehemu ya laka yake, kufuta huko kungeondoka na picha.

Rangi

Sasa ndipo brashi inapoingia, na inaingia juu ya klia. Faida yake ni kwamba ukikosea unafuta kwa kitambaa chenye maji au spiriti kidogo, na rangi ya kiwandani iliyo chini haijui kilichotokea.

Rangi zilizotumika ni akriliki ya maji. Kulinganisha kulifanywa dirishani asubuhi, si chini ya taa ya umeme. Mchanganyiko ulipakwa kwenye kipande cha plastiki angavu, ukaachwa ukauke kabisa kwa kuwa akriliki inakolea ikikauka, kisha kipande kikalazwa juu ya rangi ya zamani na kulowanishwa kwa nafta. Kulowanisha kunaonyesha rangi itakavyokuwa chini ya klia. Bila hatua hiyo utalinganisha rangi kavu na rangi kavu, na baada ya klia moja itageuka na nyingine haitageuka.

Nyeupe ndiyo inayowaumbua wengi. Nyeupe ya ubao huu haikuwa nyeupe tena. Ilikuwa kama maziwa yaliyochemka na kuanza kufanya utando. Nyeupe ya kopo ikiwekwa hapo inaonekana buluu. Ilichukua sehemu ishirini za nyeupe, moja ya njano ya udongo, na tone la kahawia iliyoungua lililochukuliwa kwa ncha ya kijiti cha meno. Nyekundu nayo haifuniki. Juu ya mbao iliyogeuka kijivu inatoa rangi ya damu iliyokauka, kwa hiyo chini yake iliwekwa ile nyeupe-maziwa kwanza.

Kuzunguka kila doa ilibandikwa karatasi ya kuzuia rangi, ikakatwa kwa kisu kwa uzito wa kisu chenyewe tu. Ukingo haukukatwa pale rangi ilipoishia kuharibika. Ulisogezwa mpaka kwenye mstari mweusi ulio karibu, hata kama hiyo ilimaanisha kufunika sm mbili za rangi nzima, ili kiungo kijifiche chini ya mstari. Kiraka kinachoishia katikati ya uwanja wa rangi moja kitaonekana daima, hata kama rangi imelingana. Brashi ya hewa yenye mdomo wa mm 0.3 ilipuliza tabaka tatu nyembamba kwa baa 1.5.

Mistari myeusi ilirudishwa mwisho kwa brashi ndefu nyembamba na akriliki nyeusi iliyotiwa chembe ya kahawia. Kalamu ya maka, ambayo humshawishi kila fundi, ilijaribiwa kwenye kipande cha taka: klia ilipoigusa, tina iliyeyusha wino na mstari ukavuja zambarau. Namba iliyopotea kwenye kidirisha ilichorwa kwenye kompyuta kutoka kwa picha zilizopigwa mwanzo, ikachapwa kwa printa ya leza kwenye karatasi ya dekali ya maji (picha inayoachana na karatasi yake ikiloweshwa), ikatelezeshwa mahali pake na kukaushwa siku nzima. Kingo za dekali zilizikwa chini ya klia iliyofuata.

Mwisho na kurudishia

Vikao viwili vya klia vilifuata, mikono miwili kila kimoja, siku tatu katikati, na msasa wa maji wa 800 kati yao juu ya kipande kigumu cha mbao. Sasa maji yanaruhusiwa, kwa vile kila ufa umefungwa, ila matundu ya skrubu yalizibwa kwanza. Msasa unaeleza ukweli: sehemu zilizobaki na mng'ao baada ya kusugua ndizo mabonde. Mabonde mawili yalibaki, yote juu ya vidirisha, yakajazwa kwa kidondoshi. Baada ya hapo 1500, 2000, 3000, na polishi isiyo na silikoni.

Ubao uliachwa wiki nne kwenye joto la nyuzi 22 hadi 25. Unakauka kwa kuguswa ndani ya saa chache, na kishawishi cha kurudishia ni kikubwa. Lakini nguzo ikikazwa juu ya klia ambayo bado ina tina ndani, klia inasukumwa pembeni kama mkunjo wa kitambaa na kuacha pete isiyoondoka. Kipimo kilichotumika: pua ikiwekwa karibu na uso baada ya ubao kufunikwa usiku kucha, kusiwe na harufu.

Balbu 44 zilibadilishwa kwa namba 47, ambazo kwenye volti ile ile zinachukua ampea 0.15 tu, hivyo joto linashuka kwa asilimia 40. Raba zote ziliwekwa mpya. Mpira nao ukawa mpya, kwa kuwa wa zamani ulikuwa na vidonda vya kutu vinavyosikika kwa ukucha.

Baada ya miezi mitatu rula ililazwa tena juu ya vidirisha vyote. Kile kilichokuwa kimezama mm 0.5 kilikuwa kimeshuka mm 0.05, na ukingoni mwake, mwanga ukipita kwa mshazari, kulionekana uzi mweupe wa hewa upande wa kushoto. Hicho kilikuwa kitolewe pamoja na vile vinne.